Glasi namba 37

Leo asubuhi jirani amepulizia nyanya zake. Harufu imeingia chini ya mlango hata chai haijachemka, na mimi, badala ya kufunga dirisha, nikajikuta nimesimama katikati ya sebule nahesabu kwa kidole hewani: moja, mbili, tatu. Mke wangu akanitazama. "Viroboto tena?"

Viroboto tena.

Ilikuwa ile miezi yangu mitatu ya maabara, huku huku Jinja, kabla sijalivua koti jeupe. Kazi yenyewe haikutaka akili nyingi. Mezani kuna glasi 60, na kila glasi ina kiroboto-maji mmoja jike, yule ambaye wataalamu humwita Dafnia, mdogo kama punje ya mtama. Glasi 10 zina maji safi. Zilizobaki zimetiwa saipamethrini, dawa ya wadudu ya kila siku, kwa vipimo vitano, na hata kile kikubwa hakikufika maikrogramu moja, yaani sehemu moja ya milioni ya gramu, kwa lita. Kwa siku 21 unakuja asubuhi, unawahesabu watoto waliozaliwa, unawafyonza kwa pipeti, unaandika. Dume halihitajiki. Mambo yakiwa mazuri, jike anazaa majike peke yake. Ni shida ikiingia ndipo madume yanapoanza kuzaliwa. Mama wa kantini nilipomsimulia hili alicheka mpaka akatafuta kiti.

Chumba kilitakiwa kisizidi nyuzi 20, kwa hiyo kilitegemea kiyoyozi, na kiyoyozi kilitegemea umeme. Mji una bwawa la umeme tangu 1954, lakini mnajua wenyewe. Usiku wa kuamkia siku ya 14 umeme ulikatika, nikakesha na jenereta. Asubuhi nikapitiwa na usingizi. Nilipoamka, fomu ilikuwa inasubiriwa.

Nilihesabu kwa haki mpaka glasi ya 30. Kuanzia 31 hadi 40, wote wa kipimo kimoja, niliandika kwa makisio: 11, 9, 12, 10. Mama wanaogelea vizuri, si watakuwa wamezaa? Kisha nikaanza kuwahamishia maji mapya, ya zamani nikiyamwaga kwenye sinki. Nilipofika 37, ambaye nilikuwa nimeshamwandikia watoto 12, nikaiinua glasi kwenye mwanga. Hamkuwa na mtoto hata mmoja.

Nikamweka chini ya hadubini.

Dafnia ni mnyama asiye na siri. Mwili wake ni kama kioo. Moyo unauona ukipiga mbio kama sindano ya cherehani, utumbo umepinda kama uzi wa kijani kwa ajili ya ule mwani aliokula, na jicho lake moja jeusi linatetemeka muda wote. Mgongoni ana kifuko, na humo ndimo anamobeba mayai. Kwa mama mwenye afya, mayai yakikaribia kuanguliwa utaona kila kimoja kina vidoa viwili vyekundu, ndiyo macho ya mtoto kabla hayajaungana kuwa moja. Nilikuwa nimezoea kutazamwa na vidoa hivyo. Mama wa 37 alikuwa na mayai manne. Ya kijivu, yenye ukungu, moja limepasuka na kuchujuka kama uji uliokataa kushika. Hakuna doa jekundu. Mengine mawili yalilala chini ya glasi, ameyatupa. Na mwenyewe mzima kabisa, anapiga mikono yake majini, anaruka, anashuka, anaruka tena. Nilimtazama mpaka jicho likaniuma.

Nikakata ile 12, nikaandika 0. Watatu waliofuata nikawahesabu upya. Lakini 31 hadi 36 zilikuwa zimeshapita sinki. Namba zao nikaziacha kama zilivyo, na leo ndiyo mara ya kwanza kulisema hili mahali popote. Mkubwa wangu alipokuja kueleza matokeo alisema dawa ile ilitengenezwa kuvuruga mishipa ya fahamu ya wadudu, na kiroboto-maji, ndugu wa kamba na kaa, naye haimkosi. Kwa dozi ndogo miguu inalegea, chakula hakikusanywi cha kutosha, mayai yanapungua. Nilitikisa kichwa kama msikivu. Kosa langu lilikuwa limeipendelea dawa.

Jioni hiyo nilimkuta Mzee kwenye kijito, nyuma ya Walukuba, anasuuza lile bomba lake la mgongoni. Nikamwamkia, nikamweleza.

"Wamekufa?" akauliza.

"Hawajafa, Baba."

"Sasa?"

"Hawazai vizuri."

Akatikisa bomba, akamimina. "Mwanangu, sumu naijua. Ile ya 1999, watu walipokuwa wanavua kwa dawa, samaki wanaelea matumbo juu mpaka Wazungu wakakataa kununua. Hiyo ndiyo sumu. Hapa unaona kinachoelea?"

Sikuona kinachoelea. Nilimwambia mukene (dagaa, kwa ndugu zetu wa Mwanza) wanakula vijidudu vya namna hiyo, na visipozaa, siku moja tutashuka mwalo wa Masese na beseni turudi nalo tupu. Akasema jana alikula mukene na walikuwa watamu. Hilo nalo lilikuwa kweli, tulikula wote.

Wiki iliyofuata, bila kuniambia neno, aliacha kijito akawa anasuuza bomba kwenye shimo la migomba. Migomba ile ikazaa mikungu ya kupigiwa mfano, jambo ambalo halikunisaidia kabisa.

Nimetoka asubuhi hii nikiwa na nia ya kumuuliza jirani anasuuzia wapi. Tumesalimiana, tumeulizana watoto, mvua, bei ya mafuta. Amenipa nyanya sita, akacheka, akasema hizi ni za kabla ya dawa.

Mke wangu ameziosha mara mbili. Sasa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, ananiuliza haya maji ayamwage wapi.