Milinganyo Miwili ya Tangi la Maji: Nilivyoanza Kutumia OpenModelica

Nilipoanza kujifunza OpenModelica, programu ya kompyuta inayoiga mifumo halisi kwa milinganyo, hapa Kisumu, niliiacha mifano ya mitambo mikubwa na kuchagua tangi kuukuu la lita 1,000 lililo nyuma ya nyumba yetu. Lina tundu la kipenyo cha sentimita 2 ubavuni, karibu na kitako, na ningeweza kulipima mwenyewe kwa kijiti na ndoo.

Aliyezoea lugha nyingine za programu husumbuliwa kwanza na alama ya sawasawa. Katika Modelica, lugha inayotumiwa na OpenModelica na iliyotolewa mwaka 1997, alama hiyo haiamuru thamani ya kulia iwekwe katika jina la kushoto. Inasema tu kwamba pande zote mbili ni sawa, na programu yenyewe ndiyo hupanga kitakachotafutwa kwanza. Basi niliandika mambo mawili kama fizikia inavyoyasema: eneo la kitako mara kasi ya kubadilika kwa kina ni sawa na maji yanayoingia kutoa yanayotoka, na maji yanayotoka ni sawa na eneo la tundu mara kipeuo cha pili cha 2gh, ambapo g ni mchapuko wa mvutano wa dunia na h ni kina cha maji juu ya tundu.

Programu ilikataa, ikisema milinganyo haitoshi. Nilikuwa nimeyaacha maji yanayoingia yawe kigeu kisicho na mlinganyo, kwa hiyo visivyojulikana vilikuwa vitatu na milinganyo miwili. Kila anayeanza na ahesabu hivyo kwanza, kwa vidole ikibidi. Nilikwenda bombani: ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 40, yaani mita za ujazo 0.0005 kwa sekunde.

Nilipoiweka namba hiyo, programu ilikubali, na grafu ya kina ilitulia kwenye sentimita 13 juu ya tundu, ilhali kijiti kilionyesha 34. Maji yanayopita kwenye tundu lenye kingo kali hujibana, mkondo ukawa mwembamba kuliko tundu lenyewe. Nilipozidisha mlinganyo wa pili kwa 0.62, grafu nayo ilipanda hadi 34.

Kisha niligeuza swali, na hapo ndipo nilipoipenda kweli kazi hii. Nilitangaza eneo la tundu kuwa kigeu, nikaongeza mlinganyo unaosema kina ni nusu mita, na ile miwili ya awali sikuigusa hata herufi. Jibu lilikuja papo hapo: tundu liwe na kipenyo cha takriban sentimita 1.8.