Mto wa pini wa pembesita: karatasi kwanza, sindano baadaye

Ushonaji wa viraka kwa karatasi, ule unaoitwa wa Kiingereza, hautaki cherehani wala meza kubwa. Kitambaa hukunjwa juu ya karatasi yenye umbo linalotakiwa, kikapigwa bandi, yaani mishono mirefu ya kukishikilia, kisha vipande vikaunganishwa ukingo kwa ukingo. Karatasi hutolewa mwishoni. Uingereza lipo tandiko la kitanda la hariri lenye mwaka 1718 lililoshonwa hivyo, na karatasi zimo ndani yake hadi leo. Hariri huteleza na kuvutika, lakini ikishafungwa kwenye karatasi hutulia. Kwa hiyo ukiona kazi yako imepinda, usianze kulaumu mkono. Kagua karatasi.

Kazi ya kuanzia ninayoipendekeza ni mto wa pini, kijimto cha kuchomekea pini: maua mawili yanayotazamana migongo, kila moja lina pembesita saba, yaani moja ya katikati na petali sita. Jumla ni vipande 14. Kwa pembesita yenye upande wa sm 2.5, ua hutoka na upana wa sm 13 hivi. Usishuke chini ya sm 2 kama unatumia kitenge. Mikunjo inajazana pembeni na sindano inagoma.

Tumia karatasi ya manila. Ya daftari ni laini mno, ukingo wake unalegea kabla hujamaliza kushona, na gazeti linaachia wino. Fungua bikari sm 2.5, chora duara, halafu bila kuigusa bikari tembea nayo juu ya mstari wa duara. Itaweka alama sita na kurudi ilikoanzia. Unganisha alama kwa rula. Hiyo ndiyo mama. Zote 14 zichorwe kutoka kwa mama huyo huyo, kwa penseli iliyochongwa vizuri, na mkasi upite ndani ya mstari. Ukichora ya pili kutoka kwa ya kwanza na ya tatu kutoka kwa ya pili, unene wa penseli unaongezeka kila mara, na utakapofika petali la sita halitafunga: ama limebaki pengo, ama kitambaa kimejikunja. Zipange zote kwenye rundo moja na upapase kingo kwa kidole. Inayochomoza itupe.

Kitambaa kiwe cha pamba tupu. Vitenge vingine vina poliesta, navyo havishiki mkunjo hata kwa pasi ya moto. Chomoa uzi mmoja uuchome: pamba huungua ikanuka kama karatasi na kuacha jivu, poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Kifue kwanza, kitoe wanga na rangi ya ziada. Kanga kuukuu ndiyo bora kuliko vyote, nyembamba na tayari imelainika. Tena pindo lake hurudia ua lile lile kuzunguka kanga nzima, kwa hiyo unaweza kupata petali sita zinazofanana kabisa, ambazo zikiizunguka ya katikati huunda nyota. Toboa dirisha la pembesita kwenye kipande cha manila, lisogeze juu ya pindo mpaka upate sehemu unayoitaka, uweke alama. Jina la kanga nalo linakatika vizuri, ila herufi mbili tu ndizo zitakazoenea.

Kata miraba ya sm 6.5. Weka karatasi katikati, kwenye mgongo wa kitambaa, ishike kwa pini moja, na punguza pembe ili ibaki ziada ya milimita 7 kuzunguka. Kunja upande wa kwanza, kisha wa pili, na pale mikunjo inapopandana pitisha sindano mara mbili kwenye kitambaa peke yake, bila kutoboa karatasi. Ruka hadi pembe inayofuata bila kukata uzi. Bandi ya namna hii haifumuliwi. Inabaki ndani na karatasi inachomoka yenyewe. Kunja kwa kukaza. Kitambaa kikilegea hata kidogo, kipande kinakuwa kikubwa kuliko karatasi yake na kazi yote ya bikari imepotea.

Kuunganisha: laza vipande viwili uso kwa uso, pembe zikutane. Uzi usizidi sm 45, mmoja, mwembamba, na sindano nyembamba namba 10. Anza milimita 3 kutoka pembeni, shona kuelekea pembe, kisha rudi upite upande mzima. Mwishoni nako rudia hivyo hivyo. Ukiacha hatua hii, utaona tundu pale vipande vitatu vinapokutana. Chota nyuzi mbili tatu za kitambaa kwenye ncha ya mkunjo, mishono mitano kwa kila sentimita. Sindano ikikwaruza karatasi, umezama mno, na mishono itaonekana usoni kama meno. Uzi wa kijivu hujificha kwenye rangi nyingi kuliko mweupe.

Petali zote sita zishonwe kwanza kwenye pembesita ya kati, halafu ndipo zishonwe zenyewe kwa zenyewe. Hapo itabidi ukunje karatasi ya katikati ili kingo zikutane. Ikunje taratibu, itanyooka. Karatasi ya kati inaweza kutoka sasa. Za petali ziache, kwa sababu kingo za nje bado hazijashikwa na kitu.

Piga pasi maua yote mawili, yaweke migongo ikitazamana, na shona kuzunguka. Kuna kingo 18 za nje. Shona 15 uache petali moja wazi. Wengine hushona uso kwa uso kisha hugeuza, lakini kona sita za ndani hukunjamana zisikubali kunyooka. Mshono wa nje unaonekana, basi chagua uzi wa rangi inayopendeza.

Toa karatasi kupitia mlango huo na ujaze sufi, vifundo vidogo vidogo, ukianzia petali za mbali kwa kusukuma na ncha butu ya penseli. Jaza kuliko unavyodhani inatosha, maana sufi hushuka. Usijaze mchele badala ya sufi, huleta wadudu. Sufi iwe kavu kabisa, iliyoanikwa juani, hasa kwa wanaokaa pwani. Yenye unyevu huzitia pini kutu. Petali la mwisho lijaze nusu, shona kingo mbili, ongeza sufi, kisha funga ya tatu na ufiche fundo la uzi kwa kupitisha sindano ndani ya mto na kuutoa upande wa pili kabla ya kukata.