Biskuti Alizozifukia Bosi

Jana jioni nilikuwa nachota nyama ya boga lililotoka kuiva kwa mvuke, kitindamimba wangu akauliza: "Mama, Bosi alizipenda kweli zile biskuti, au alitaka tu ufurahi?"

Kijiko kilibaki kimesimama ndani ya boga. Alikuwa mdogo sana wakati ule, nilidhani hakumbuki. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui, akaridhika akaenda zake. Mimi ndiye sikuridhika, na usiku kucha nilikuwa naurudia ule mwaka.

Ni mwaka mbwa wetu Bosi aliong'olewa meno. Daktari wa wanyama alitoa magego yaliyooza, akasema mdomo ukishapona ale vitu laini tu. Chakula chake cha kawaida hakikutusumbua, tulikiloweka kwa maji ya uvuguvugu na kazi ikaisha. Kilichonitesa ni biskuti. Miaka yote ya maisha yake, akirudi matembezi ya jioni, Bosi alipewa biskuti moja, na biskuti za mbwa za kununua ni ngumu. Ugumu huo una historia. James Spratt, Mmarekani aliyeanza kuziuza London mnamo miaka ya 1860, inasimuliwa kwamba wazo lilimjia alipoona mbwa bandarini wakila biskuti kavu za mabaharia, zile zilizookwa zikae miezi melini bila kuharibika. Kwa mbwa mwenye meno, sawa. Bosi aliipokea kwa adabu yake ileile, akailaza sakafuni, akaitazama, kisha akanitazama mimi. Jioni iliyofuata akafanya vilevile. Sikuweza kuvumilia macho yale.

Yalikuwa majira ya majani kupukutika, maboga kila upande, na kwangu hakuna msimu unaomfaa mbwa mzee kuliko huo. Joto limeondoka, hewa imetulia, anaweza kutembea bila kuhema. Ingawa na wenyewe una hatari zake: chini ya majani kuna uyoga usioujua, kuna mbegu za mwaloni zenye tanini inayovuruga tumbo, na mbwa hachagui kama tunavyochagua sisi. Lakini boga ni baraka. Lina maji mengi, lina nyuzinyuzi laini, na kijiko kimoja kinaweza kumsaidia mwenye choo kigumu na hata anayeharisha kidogo.

Dada alikuja kunisaidia akiwa na kopo la boga lililokwisha kutayarishwa kwa ajili ya pai. Nililiweka kando. Kopo la pai lina sukari na viungo, na kati ya viungo hivyo mara nyingi kuna kungumanga, ambayo mbwa akiila kwa wingi humletea mapigo ya moyo ya haraka na kuchanganyikiwa. Ukitaka kopo, chukua lile lenye boga tupu. Na siagi ya karanga isomwe maandishi yake kabla ya kufunguliwa, kwa sababu baadhi zimetiwa zailitoli, sukari mbadala isiyotudhuru sisi. Kwa mbwa, huufanya mwili umwage insulini kwa kasi, sukari ya damu ikaporomoka, mara nyingi ndani ya saa moja, na ikizidi huharibu ini. Zabibu kavu na chokoleti nazo zikae mbali kabisa. Nayasema haya kila mwaka na sitaacha kuyasema, maana anayemuua mbwa kwa biskuti ni yule anayempenda, asiyempenda hamuokei.

Basi tukaoka. Kikombe kimoja cha boga lililopondwa, vikombe viwili na nusu vya oti zilizosagwa kwenye blenda, yai moja, tufaha moja lililokunwa baada ya kutolewa mbegu zote, kwa kuwa mbegu za tufaha zikitafunwa hutoa sianidi. Chumvi hapana, sukari hapana. Baba yao alisimama mlangoni akasema mbwa ni mla nyama, wanga wa nini? Nilimjibu kwamba mbwa si mbwamwitu. Upo utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulioonyesha kwamba mbwa wana nakala nyingi zaidi za jeni ya amilesi, kimeng'enya kinachomeng'enya wanga, kuliko mbwamwitu. Maelfu ya miaka ya kula pamoja nasi yamewabadilisha mpaka matumboni. Hakubishana, ila hakuondoka mlangoni pia.

Tukasukuma donge likiwa nene, unene wa kidole, ili ndani libaki laini. Mtoto akakata maumbo ya majani. Oveni ilikuwa kwenye nyuzi 180, na baada ya dakika kumi hivi harufu ikaanza kutoka. Bosi alikuwa amelala kwenye kizingiti. Kwanza pua iliamka, mwili ukafuata baadaye sana. Binadamu ana vionjeo takriban 9,000 ulimini. Mbwa ana takriban 1,700 tu. Kwa mbwa, sehemu kubwa ya chakula iko hewani, na nilipomwona ameinua kichwa, pua ikicheza huku macho bado mazito, nilihisi kwamba ameshaanza kula.

Tukazitoa, tukasubiri zipoe. Nikachukua moja, nikaibonyeza, ikabonyea. Nikachuchumaa mbele yake.

Aliipokea kwa midomo, taratibu, jinsi alivyozoea tangu aondolewe meno. Akasimama nayo. Hakuilaza sakafuni safari hii, na sote wanne tulikuwa tumenyamaza. Kisha akageuka. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akashuka ngazi moja moja na kile kiuno chake kilichokaza, akavuka bustani hadi chini ya mti ambako majani ya njano yalikuwa yamerundikana. Akakwangua kwa mguu wa mbele. Si kwa nguvu, mikwaruzo michache tu, kwa uangalifu wa mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa. Akaiweka ile biskuti. Akaanza kusukuma majani juu yake kwa pua, kutoka upande huu, kutoka upande ule, akarudi nyuma hatua moja, akaangalia, akaongeza majani mengine. Jani moja lilimganda juu ya pua na hakujisumbua kuliondoa. Ndipo akarudi ndani, akaketi mbele yangu, akangoja nyingine.

Nikampa ya pili. Akaenda kuifukia upande mwingine wa mti.

"Hazitaki," dada alisema, kwa huruma, kwa kuwa aliona nilivyokuwa na matumaini.

"Anaziweka akiba," nikasema.

Na mpaka leo sijui nani kati yetu alisema kweli. Ninajua kwamba mbwamwitu na mbweha hufukia chakula kinachozidi, na mbwa wengi wamerithi tabia hiyo. Ninajua pia kwamba mbwa anaweza kufukia kitu kwa sababu hana hamu nacho wakati huo. Bosi lakini hakuwahi kufukia chochote. Mfupa, mpira, mkate wa kuiba, vyote alivimaliza palepale. Uzee wote ule, ndipo akaanza? Huenda ufizi ulikuwa bado unamuuma. Huenda, baada ya majuma ya kunyimwa biskuti, alipata kitu ambacho hakutaka kiishe. Wazo hili la pili ndilo ninalolipenda, na kwa sababu hiyohiyo siliamini kikamilifu. Mbwa hawezi kunisahihisha nikimwekea kinywani maneno niliyoyatamani mwenyewe.

Asubuhi nilikwenda chini ya mti. Majani yalikuwa yamekwanguliwa pande zote mbili na biskuti hazikuwepo. Pua ya Bosi ilikuwa na udongo, lakini pua ya Bosi ilikuwa na udongo kila siku, na wanyama wanaopita bustanini usiku ni wengi.

Majuma yaliyofuata alizila mbele yetu, hasa nikizipasha moto kidogo harufu iamke, nikizikata vipande vidogo. Nyingine aliendelea kuzipeleka nje. Nilipunguza idadi kwa ajili ya kiuno chake, maana vitafunwa vya mbwa havifai kuzidi sehemu ya kumi ya nishati anayohitaji kwa siku, na mzee asiyetembea sana hunenepa haraka. Zilizobaki nilizigandisha kwenye friza, kwa kuwa biskuti laini hivyo haifiki juma moja na zaidi kidogo kwenye jokofu kabla haijaota ukungu.

Baba yao anasema nililifikiria jambo hili kupita kiasi, kwamba Bosi alipata kitu chenye harufu nzuri akafanya ambacho mbwa hufanya, basi. Labda. Mimi naona kwamba kumpikia mnyama asiyeweza kukuambia asante wala usinipe tena ni kazi inayokutaka umtazame kwa makini kuliko unavyomtazama mtu, na kwamba hata ukimtazama hivyo kuna mahali unafika huoni tena. Dada anakubaliana nami nusu ya pili tu.

Za mwaka huu ni za Tunu, mbwa wetu wa sasa. Nimezisukuma nyembamba zaidi na kuziacha ovenini hadi zikakauka kabisa, kwa sababu ana meno yote, na zile laini anazimeza nzima bila kutafuna.