Siku yangu ya bamvua Jambiani: kuyatambua mawe yaliyosuguliwa na bahari

Saa kumi na mbili asubuhi. Chai ya mchaichai, mkate wa kumimina uliobaki jana, na kijitabu cha kupwa na kujaa kwa maji. Leo ni bamvua, siku maji yanapopwa na kujaa kupita kawaida. Kwetu Unguja bamvua lina saa zake: bahari hukauka karibu saa nne asubuhi, alasiri imeshajaa. Siku za maji mafu, bahari isipokauka mbali, natembeza wageni mjini. Siku kama ya leo nawapeleka pwani kutafuta mabaki ya viumbe wa kale. Mkobani natia lenzi ya mkono inayokuza mara 10, mswaki mkuukuu, chupa ya maji, penseli na sarafu ya shilingi 200 ya kuweka kwenye picha ili ukubwa ujulikane.

Saa tatu. Wageni wanne. Wote wameinama wakiokota mchangani, mie nawapeleka kwanza penye jabali. Jabali hili lenyewe ni mwamba wa matumbawe yaliyoota baharini zama za Pleistosini, zilizokwisha miaka 11,700 hivi iliyopita. Mawimbi yanalila chini, vipande vinadondoka, vinasuguliwa, vinachanganyika na vilivyokufa mwaka jana. Asiyelitazama jabali hatajua kipande chake kimetoka wapi.

Saa nne, maji makavu. Akina mama wanarudi kutoka kwenye mwani, magunia kichwani. Mmoja ananisimamisha.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie, hili si jino la papa?”

Lina ncha, limelainika, jeupe. Nalisugua kwa mswaki, nalilowesha, natia lenzi. Limejisokota, na ndani ni tabaka juu ya tabaka. Ni nguzo ya katikati ya kombe kubwa la kujizungusha. Ganda la nje limekwisha, mhimili umebaki. Jino la papa lingekuwa na gamba gumu linalong'aa juu na shina lenye vitundu chini. Shangazi anacheka, analifunga kwenye pindo la kanga vivyo hivyo.

Ndiyo kazi yangu yote hiyo. Bahari hula umbo kwanza, kwa hiyo umbo silisikilizi. Natafuta upande uliovunjika. Tumbawe, hata likiwa duara kabisa, lina vijumba vyenye kuta nyembamba zinazoelekea katikati. La karibuni ni jepesi na vijumba vyake vitupu. La zamani mara nyingi ni zito, vijumba vimejaa fuwele zinazometameta kama sukari. Wale wanyama wa miiba mirefu myeusi inayotuchoma miguu ni ndugu wa kiti cha pweza, na kila kibamba cha gamba lao ni fuwele moja ya kalisaiti, madini ya chokaa. Ndiyo maana cha kale kikivunjika mara nyingi hutoa uso bapa unaong'aa. Ukishauona mara moja huusahau.

Saa tano. Watoto wa chuo cha Kurani wametoka, wamekuja na ndimu. Kuna aliyewaambia jiwe la kale huchemka ukilidondoshea ndimu. Kweli linachemka, lakini pwani hii kila kitu ni chokaa: tumbawe, kombe, jabali, vyote vitatoa povu, cha kale na cha jana. Kipande kimoja tu kimekaa kimya. Kimepinda kidogo, cheusi, kina chembe za mchanga ndani. Gae la chungu. Nawaambia wanionyeshe kilipokuwa, nakipiga picha papo hapo, hatukiondoi.

Saa sita, jua la utosi. Mgeni mmoja, mtu mzima mtaratibu, ananyoosha mkono na kitu cha kahawia, kirefu kidogo kuliko kidole. Hiki nimekikalia muda. Kizito kupita kimo chake. Mfupa wa ng'ombe au mbuzi, ambao pwani haukosekani, una uwazi wa uboho katikati, au matundutundu kuelekea mwisho. Huu umeshiba mfupa mtupu hadi ndani. Mbavu za nguva ndivyo zilivyo, humsaidia kukaa chini ya maji. Wako wanaougusisha mfupa ulimini kuona kama unanasa. Mie cha pwani hakiingii kinywani mwangu.

Anauliza kama hauwezi kuwa wa pundamilia, maana amesikia habari za pango la Kuumbi. Swali zuri. Pale Kuumbi, hapahapa Jambiani, wachimbuzi wametoa mifupa ya pundamilia na nyati, wanyama ambao leo Unguja hawapo. Miaka 20,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa chini kwa mita 120 au zaidi, na kisiwa kilishikana na bara. Pemba hapana, mkondo wao una kina cha mamia ya mita. Lakini ubavu wa pundamilia una matundutundu ndani, na huu hauna. Naandika: “mfupa, mnyama mkubwa, yamkini nguva.” Umri siandiki.

Saa nane. Maji yanapanda. Wali na pweza wa nazi, mengine baadaye.

Saa kumi. Naandika mahali, tarehe, nani kaokota. Picha za gae na mfupa zinakwenda Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale.

Saa kumi na mbili jioni simu inalia: kijana wa Makunduchi katuma picha ya jiwe, anauliza bei. Namjibu: bei sina, nipigie picha upande uliovunjika, na uweke sarafu pembeni.