Taa ya Kona Yetu
Taa ya barabarani kwenye kona ya mtaa wetu ilizimika, na kwa wiki tatu kila jirani alidhani mwenzake ameshatoa taarifa. Hakuna aliyetoa. Hata mimi sikutoa, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Nilipopiga simu hatimaye, nilisema tu kwamba taa imezimika karibu na kwetu. Fundi alikuja mchana, hakujua ni ipi, lalamiko likafungwa. Mara ya pili nilisoma namba iliyoandikwa kwenye nguzo yenyewe, nikapiga picha usiku, nikaeleza kuwa watoto hupita hapo alfajiri wakienda shule. Nikaomba namba ya kumbukumbu. Usiondoke bila hiyo, maana ukirudi mikono mitupu unaanza upya.

Baltimore, Marekani, ilianza kutumia namba 311 mwaka 1996 kwa mambo yasiyo ya dharura, ili 911, namba ya dharura, ipumue. Uingereza kuna tovuti ya FixMyStreet, tangu 2007: unaweka alama kwenye ramani, taarifa inakwenda kwa halmashauri husika, na majirani wanaiona. Hilo la kuonekana nalipenda mno, kwa sababu ndipo sisi tulipokwama.

Sasa kifuniko cha mtaro kimevunjika mbele ya nyumba ya bibi mmoja asiyeona vizuri. Nimetoa taarifa jana, saa ileile niliyokiona, kisha nikasimamisha pale tawi lenye kitambaa chekundu. Kesho asubuhi napiga tena.