Herufi ya ishirini

Zoezi la kuandika programu kwa lugha ya Python lilikuwa fupi: unapewa mifuatano miwili ya herufi za DNA, useme inatofautiana mahali pangapi. Herufi ni nne tu, A, C, G na T, nikadhani nitamaliza kabla chai haijapoa. Likanila jioni tatu.

Kwanza niligeuza kila mfuatano kuwa seti, yaani mkusanyiko wa herufi zilizomo tu, nikazilinganisha. Tofauti: sifuri. Seti haijali mpangilio wala marudio, na pande zote mbili zilikuwa na herufi zilezile nne. Nikajaribu kuhesabu kila herufi imetokea mara ngapi. Hapo GA na AG zikawa sawa. Ndipo nikaelewa kwamba swali si herufi zipi zimo, ni ipi imekaa wapi. Nikaandika kitanzi, yaani maelekezo yanayojirudia, kinachotumia zip, amri ya Python inayozipanga herufi mbilimbili, nafasi kwa nafasi.

Nilitaka kukijaribu kwa kitu cha kweli. Mdogo wangu ana selimundu, ugonjwa unaotokana na badiliko la herufi moja katika jeni ya beta-globini, sehemu ya protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Nikanakili herufi 30 za mwanzo za sehemu inayobeba maelekezo ya protini, ya kawaida na ya selimundu:

ATGGTGCATCTGACTCCTGAGGAGAAGTCT
ATGGTGCATCTGACTCCTGTGGAGAAGTCT

Kwa macho sikuiona. Programu ikajibu: tofauti 1, nafasi ya 19. Kwa hesabu yetu ya kawaida ni herufi ya 20, maana Python huanzia 0. GAG imekuwa GTG, na protini inapata valini mahali pa asidi ya glutamiki, zote mbili zikiwa asidi amino, vipande vinavyojenga protini.

Kesho yake jibu likawa 25. Nilikuwa nimenakili upya mfuatano wa pili nikaiacha A ya kwanza, kila herufi ikasogea nafasi moja. Na zip hukoma pale mfuatano mfupi unapoishia, bila kusema neno. Hilo liliniuma kuliko makosa yote yaliyotangulia: programu ilinipa namba ya uongo bila kusita, tena kuhusu jambo linalomgusa ndugu yangu. Nikaongeza sharti juu kabisa, urefu ukaguliwe kwanza. Sasa ikikuta 30 na 29 inatoa kosa na kusimama.

Jioni nilimwita mdogo wangu, nikamwonyesha ile mistari miwili. Akapitisha kidole polepole mpaka kwenye T.

"Kaka, ni hii tu?"

"Ni hiyo tu."

Akaniomba niiendeshe programu tena.