Kwa nini bado tunabishana kuhusu Niarja

Jana usiku ubishi kuhusu Niarja, ile sistimu ya nyota kwenye gemu la EVE Online iliyochukuliwa na wavamizi, umerudi tena kwenye voisi, pale tunapoongea tukicheza. Safari hii umeanzishwa na kijana mgeni kwenye korp yetu (yaani kikundi chetu cha wachezaji), kauliza tu swali la kawaida, mbona njia salama ya kutoka soko la Jita kwenda soko la Amarr ni ndefu namna hii, basi watu wazima wakaanza kupandishiana sauti utadhani jambo lenyewe limetokea wiki iliyopita. Lilitokea 2020. Na mimi nimeona niandike kabla sijasahau nani alisema nini, maana kwenye magemu yote niliyowahi kucheza sijaona stori nyingine ya uvamizi ambayo watu wanaibishania hivi, wanaibishania kama kitu kilichowapata wao wenyewe.

Kwa ambao hamchezi EVE Online niwaweke sawa kidogo. Ni gemu la anga la kampuni ya CCP ya Iceland, lipo hewani tangu Mei 2003, na ukiacha China ambao wana sava yao, wengine wote tunaingia kwenye ulimwengu mmoja. Yaani hakuna nakala ya pembeni ambako mambo yako tofauti, kikiharibika kitu kimeharibika kwa wote. Kuna maelfu ya sistimu za nyota zimeunganishwa kwa mageti na kila moja ina alama ya usalama. Kuanzia 0.5 kwenda juu polisi wanaoitwa CONCORD wanakuja kumfyeka yeyote anayekushambulia bila sababu, chini ya hapo kila mtu na lwake. Jita ndo soko kubwa kuliko yote, Amarr linafuata, na kwenye njia fupi kati ya hayo masoko mawili ilikaa Niarja, alama 0.5, ukingoni kabisa mwa usalama.

Na Niarja haikuwa sehemu ya kupendwa, niseme ukweli. Waviziaji walikuwa wanajua kila meli kubwa ya mizigo lazima ipite pale, na kwenye 0.5 polisi ndo wanachelewa kuliko sehemu nyingine zenye ulinzi, kwahiyo jamaa walikuwa wanapiga hesabu za sekunde, wanakupasua, wao wanakufa mikononi mwa polisi, mwenzao anakuja kuokota mzigo. Wabeba mizigo waliichukia ile sistimu kwa roho yao yote. Halafu ikaondoka, na hao hao ndo wanaoililia hadi leo.

Wavamizi wanaitwa Triglavian. Mei 2018 tulifunguliwa njia ya kuchungulia kule wanakoishi, vijishimo vya anga vya ajabu ajabu vyenye rangi nyekundu, unaingia na muda wako unahesabiwa na ukichelewa kutoka umekufa. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2019, wakatoka wao kutufuata. Meli zao zina majina ya mizimwi ya Kislavoni, Leshak, Kikimora, Drekavac, na silaha yao ni mwali mmoja tu unaokukamata na kadiri unavyokaa nao ndo unavyozidi kuuma. Mara ya kwanza Leshak kunishika nilijiona niko salama, nikaendelea kupiga, ngao inashuka pole pole, halafu ghafla haishuki tena pole pole.

Sasa ubishi wa kwanza ndo huu, je hawa ni viumbe kutoka nje au siyo? Maana kwenye EVE hakuna kiumbe mgeni mwenye akili hata mmoja. Stori nzima ya gemu inasema watu wote wametokana na binadamu waliovuka lango moja kubwa la anga, lango likafungika, wakabaki upande huu wakasahau walikotoka, ndo zikazaliwa dola nne tunazozijua, Amarr (jina moja na lile soko), Caldari, Gallente na Minmatar. Hata Triglavian ni binadamu, walijitenga na kujifungia humo kwenye vishimo vyao mpaka lugha na mwili na kila kitu kikabadilika. Jamaa mmoja kwenye korp anasema hiyo imemharibia kabisa, yeye alitaka wadudu, alitaka kitu kisichoongeleka. Mimi naona kinyume chake. Mdudu unampiga risasi na kulala. Hawa walikuwa wanatutumia mesiji, ngumu kuelewa lakini ukizisoma taratibu unakuta kuna mantiki, kuna heshima fulani hata, wanakuambia jithibitishe, na anayejithibitisha wanamkaribisha kwao. Adui anayekukaribisha ni mzito kuliko adui anayekula tu, na bila ule mwaliko sidhani kama yaliyofuata yangetokea.

Yaliyofuata ni kwamba 2020, sehemu ya tatu ya ule uvamizi, wachezaji wakaachiwa wachague. Ukitaka unapigana upande wa EDENCOM, yaani jeshi la pamoja la zile dola nne, ukitaka unapigana upande wa wavamizi. Kila sistimu iliyovamiwa ina mizani yake, upande ulioua meli nyingi zaidi za mwenzake ndo mizani inaulalia. EDENCOM ikishinda, sistimu inakuwa ngome. Triglavian wakishinda, imeenda.

Na watu wakaenda kwa wavamizi! Wengi, wamejipanga, wana jina lao kabisa, Kybernauts, wana ratiba za kupokezana usiku na mchana kufuatana na saa za nchi zao. Sisi upande wa pili tulikuwa tunajitokeza baada ya kazi, tumechoka, tunaambizana tukutane sistimu fulani, tukifika tunakuta mizani imeshalala toka asubuhi. Katikati ya 2020 wakaigeukia Niarja. Nilikuwepo. Zile meli za kompyuta za Triglavian ulikuwa unaziweza ukiwa na kikosi kizuri, tatizo walikuwa rubani wenzetu wanaokuja kutulipua sisi tunaozipiga, watu wenye majina ambayo nilishafanya nao biashara, mmoja wao alinifundisha kutumia skana nilipoanza gemu. Tulishindwa. Njia ya salama Jita mpaka Amarr ikatoka kwenye mageti yasiyofika kumi ikawa zaidi ya 40.

Oktoba mwaka huo huo zile sistimu walizoshinda, 27, zikang'olewa kwenye ramani na kuunganishwa zenyewe kwa zenyewe kuwa eneo moja linaitwa Pochven. Mafungu matatu ya sistimu tisa tisa, maana hao watu kwa namba tatu ndo wamefika. Nyota zenyewe zimebadilishwa ukizitazama. Na kutoka kwenye dola huingii tena kwa geti, unatumia kifaa cha kukurusha humo au unapita kwenye shimo linalofunguka na kujifunga, na ukiingia hakuna CONCORD wala nani.

Sasa sikia walivyosema jana. Mbeba mizigo wetu, ambaye namheshimu sana, kazi yake ni hiyo hiyo tangu nimfahamu, anasema mimi hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa nacheza mchezo wangu, watu wachache wenye muda mwingi wamekaa wakaamua kufuta barabara yangu, na mnaniambia hiyo ni stori nzuri? Yule aliyekuwa Kybernaut (ndio, siku hizi tuko nae korp moja) akamjibu, kaka, uliulizwa. Mizani ilikuwa inaonekana kwa kila mtu, ulikuwa na meli, ulikuwa na silaha, ulichagua kukaa Jita unauza. Hapo ndo sauti zikapanda. Wa tatu akaingilia kwamba nyote mnadanganywa, hiyo 27 mnaona kabisa ni namba ya kupangwa, tatu mara tatu mara tatu, waandishi wa stori walishaamua, nyie mlikuwa mapambo.

Hoja hiyo ya mwisho nimeifikiria usiku mzima. Hata kama namba ilipangwa, majina hayakupangwa. Niarja ilikuwa na watu wanaoitaka ife na watu wanaotaka ibaki na wote walimwaga meli zao pale, na kuna sistimu nyingine tulizilinda zikawa ngome na hadi leo zipo. Kwangu hiyo inatosha. Sihitaji kuandika kitabu kizima mimi mwenyewe, nahitaji kuwa na kurasa ambazo bila sisi zingesomeka tofauti.

Na mbeba mizigo je? Kwake sina jibu safi. Nakubali kabisa kwamba aliumia bila kutaka vita. Ila ukifikiria, uvamizi gani huo ambao unamgusa aliyejitolea tu? Ukiona sehemu kwenye gemu ambapo wavamizi wanakaa pembeni kwenye kona yao wanasubiri umalize shughuli zako ndo uende ukawapige upate nyara, hao siyo wavamizi, ni machimbo. Kilichofanya Triglavian waogopwe ni kwamba walichukua kitu ambacho mtu asiyejali stori alikuwa anakitumia kila siku. Hasira ya yule jamaa miaka yote hii ndo inaniambia kwamba walivamia kweli.

Kuna mwenzetu anacheza pia Elite Dangerous akatuletea mfano wa kule. Hilo ni gemu la Uingereza lililotoka Desemba 2014, mrithi wa lile Elite la 1984 la David Braben na Ian Bell, na wale Thargoid, viumbe wavamizi wa kule, walikuwepo tangu lile la 1984, wanakudaka katikati ya safari. Kwenye hili jipya walionekana kwanza Januari 2017 kwa mtindo huo huo, mtu yuko safarini meli yake inavutwa nje, taa zinazima, kitu kama ua kubwa kinamzunguka na kuondoka. Miaka ya mwanzo kila mtu anabishana, tuwapige au tujaribu kuongea nao. Halafu 2022 kuna vitu vinane vikaonekana kwenye ramani vinasogea kuelekea sehemu wanakoishi binadamu, na wachezaji wakawa wanapima mwendo wake wenyewe kukadiria vitatua wapi. Hapo nawavulia kofia waandishi, kungoja kitu unachokiona kinakuja ni utamu ambao hauna mfano. Mwisho wa Novemba vikaanza kutua kimoja baada ya kingine, meli mama nane, kila moja ikapewa jina la mungu wa radi wa taifa fulani, na ya mwisho, Cocijo, Desemba 2024 ikafika mpaka kwenye jua letu hili hili, jirani na Dunia, ikalipuliwa mwezi ule ule.

Mwenzetu anasema hiyo ndo stori bora kwa sababu watu waliungana na wakashinda. Na mimi naelewa, nimetazama video za ile siku meli zimejaa juu ya Dunia na nilisisimka mwili. Ila nilipomuuliza kama kuna wakati aliamini kweli kwamba Dunia itapotea, akanyamaza kidogo akasema hapana. Sisi Niarja tuliamini. Usiku ule wa mwisho kwenye voisi watu hawakuwa wanaigiza, kuna mtu alikuwa anahamisha mali zake zote kutoka kwenye stesheni huku anatuomba tuwazuie dakika kumi tu.

Kitu ambacho sikubaliani nacho, na hapa niko na mbeba mizigo kabisa, ni kwamba Pochven haina mlango wa kurudi. Unaweza kwenda kupigana humo, kuna watu wamehamia na wana maisha yao, lakini hakuna mizani tena, hakuna kitu utakachofanya kikairudisha hata sistimu moja. Kama wachezaji waliruhusiwa kuipoteza basi waruhusiwe kujaribu kuirudisha, iwe ghali, iwe ngumu kiasi kwamba tutashindwa mara nyingi, sawa, ila iwepo. Vita ambayo upande mmoja umeambiwa imeisha inawaachia watu ubishi tu.

Nilimwambia hivyo yule Kybernaut tulipobaki wawili kwenye voisi. Akasema anakubali, waifungue hata kesho, na yeye atatoka korp yetu siku hiyo hiyo arudi kuilinda. Nikamwambia asisahau kunirudishia Vedmak yangu, ile meli ya Triglavian, kabla hajaondoka.